Shilingi Tuliyoiacha Chini ya Shimo

Nilifika Mombasa nikiwa nimepakata sanduku la mawe. Safari ilikuwa ya siku sita. Kutoka kaskazini, kwenye ziwa ambako nilikuwa kibarua wa kuchimba, nilipanda lori la samaki wakavu hadi Lodwar, nikakaa hapo siku mbili kwa sababu gari la Kitale lilikuwa limekatika ekseli. Baada ya Kitale nikapita Nakuru, nikapita Nairobi, na mwisho nikaingia garimoshi, daraja la tatu, sanduku magotini kwa kuwa nilikuwa nimeambiwa lisiwekwe chini hata kidogo. Kulipopambazuka tulisimama Voi, nyumbani kwetu. Nikamwona binamu yangu akiuza mayai ya kuchemsha kando ya reli. Sikumwita. Nilikuwa nimeondoka pale miaka kumi na minne nyuma nikisema nakwenda kutafuta kazi, na sikujua ningeanzaje kumweleza mtu, kupitia dirishani, kwamba kazi niliyoipata ilikuwa ile iliyokuwa magotini.

Naandika haya kwa ajili yenu mnaobaki kwenye kazi hii ya kuwapelekea watu utafiti wa mambo ya kale. Mimi nimestaafishwa nikiwa na miaka arobaini na saba, ofisi ilipofungwa. Shule niliishia kidato cha nne. Habari za vyeo sitawaambia, kwa sababu havikuwapo. Nitawaambia habari za pango moja na shilingi moja. Jina la pango sitalitaja, na mkisoma mtajua kwa nini.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Aliyeniita pwani ni mtafiti mmoja tuliyemwita Daktari, mwanamke mkavu wa maneno, aliyekuwa ameniona kule ziwani nikiwaeleza wafugaji kwa nini watu wazima wanachekecha vumbi juani. Alisema utafiti mwingi huishia kwenye makabati, na watu ambao vitu vile vimetoka chini ya miguu yao hawaambiwi lolote. Alitaka mtu wa kukaa nao na kuwaeleza. Mawe yaliyokuwa sandukuni yalikuwa ya kufundishia: vipande vilivyochongwa na watu walioishi kabla ya chuma, kabla ya jembe, kabla ya mji wowote kujengwa.

Ofisi ilikuwa vyumba viwili vya ghorofani, kwenye kichochoro cha Mji wa Kale ambacho watu wawili wenye mizigo hawapishani. Siku ya kwanza niliyemkuta ni Mzee Kalume, Mgiriama aliyekaribia kustaafu, msimamizi wa uchimbaji, aliyeianza kazi hii zamani za wazungu waliokuwa wakimwita kwa kumpigia makofi. Nilimwamkia, akaitikia, akafungua sanduku. Mawe hakuyatazama. Alinishika mkono akatazama kucha zangu.

"Wewe ulikuwa ukichimba, au ukitazama wenzio?"

"Nikichimba, mzee."

"Haya. Kucha zasema hivyo hivyo."

Akanipa mwiko wa mwashi, uliolika hadi ukabaki nusu. Akaniambia waashi huutumia kujenga na sisi huutumia kubomoa, ila twabomoa polepole kiasi cha mtu kudhani tumelala. Vifaa vingine vyote alivionyesha kwa dakika tano: chekeche mbili, timazi, kamba, brashi za rangi, mifuko ya khaki. Kisha akanituma madukani Makadara, si mbali na ofisi, kununua rangi ya kucha.

Nyinyi mnajua, lakini wasiojua nao watasoma. Kila kipande kinachotoka shimoni huandikwa namba. Wino ukiuweka juu ya jiwe tupu hufutika, basi kwanza hupakwa tone la rangi ya kucha isiyo na rangi, ikauke, ndipo namba iandikwe juu yake. Mwenye duka aliniuliza mke wangu alipenda rangi gani. Nikamwambia isiyo na rangi. Akanitazama kwa huruma. "Mwanamke wa rangi hiyo," akasema, "huyo ashaondoka, ndugu yangu, wewe hujajua tu." Nilikuwa sina mke. Hata hivyo alinipunguzia bei.

Pango lenyewe liko kwenye vilima vya mawe ya chokaa nyuma ya pwani, mwendo wa asubuhi moja kutoka kisiwani. Lilikuwa kwenye shamba la Mama Kache, mjane ambaye ukoo wake ndio ulioshika mlango wa pango tangu zamani. Pale mlangoni pana taratibu. Mtu huvua viatu, hujifunga kitambaa cheusi cha kaniki, na husema kwa sauti jina lake na jambo lililomleta. Si dua ndefu. Ni sentensi moja, kama mtu anayebisha hodi. Lakini ikiwa ya uongo, aliyeisema haingii tena pangoni maisha yake yote, na hakuna mbuzi wa kulipa wala mzee wa kumwombea.

Daktari alisema amekuja kujua walivyoishi watu wa kwanza. Mzee Kalume alisema amekuja kuchimba nusu na kuacha nusu. Zamu yangu ilipofika nilibabaika. Mwishowe nikasema nimekuja kusikia ili nikawaambie wengine. Mama Kache akacheka kidogo na kusema basi huyu atatuletea wageni.

Tulichimba majira mawili. Kazi ya pangoni ni ya kuinama. Mtu hukwangua udongo kiasi cha unene wa kidole, huchekecha, huandika, hukwangua tena. Tulikuta magamba ya konokono wengi waliokuwa wakiliwa, mifupa ya wanyama wadogo, vipande vya jiwe jeupe vyenye makali ambavyo hadi leo vingekata nyama. Na siku moja, chini sana, chekeche ya Mzee Kalume ilibakiza kitu kidogo kama punje ya mtama. Akakiosha kwa maji ya chupa yake ya kunywa. Kilikuwa ushanga, uliotengenezwa kwa kombe la baharini na kutobolewa katikati. Maelfu ya miaka kabla ya meli ya mtu yeyote, mtu alitoka ufukweni na kombe hilo, akapanda nalo vilimani, akakaa chini akalitoboa. Mzee Kalume alinikabidhi, akarudi kwenye chekeche yake.

Kanuni ya nusu alinifundisha yeye. Pango halichimbwi lote. Upande mmoja huachwa kama ulivyo, kwa watakaokuja na vifaa ambavyo sisi hatujavijua. Tulipomaliza, kabla ya kufukia, alitoa mfukoni shilingi mpya, ya mwaka ule ule, akaiweka juu ya kipande cha nailoni pembeni mwa sakafu ya shimo.

"Akija mwingine akafukua," aliniambia, "akiiona hii ajue tulifika hapa, na mwaka gani. Chini yake hapajaguswa. Juu yake ni fujo yetu. Ni adabu tu."

Ndiyo adabu ya kazi hii kila mahali, na nilikuwa nimeiona hata kule ziwani. Sikuwahi kuifikiria mara mbili.

Sasa nije kwenye kazi yangu hasa. Bwana Hasanali, mfanyabiashara wa viungo, alituazima ghala la chini la nyumba yake pale Kuze, humo humo Mji wa Kale. Tulipaka chokaa, tukaweka meza tatu, tukatundika picha na ramani. Kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri nilifungua mlango, na yeyote aliingia. Chumba kilinuka bizari hata baada ya kusafishwa mara nne, na hadi leo nikisikia harufu ya bizari naona mawe. Walikuja kina mama wa mtaa na mabuibui yao, makarani wastaafu wa bandarini, wanafunzi wa kutoka upande wa Buxton, ambako mimi mwenyewe nilipanga chumba. Wachuuzi wa Makadara walikuja kupumzisha miguu, na sikuwafukuza. Mtu aliyekaa kupumzisha miguu husikia pia.

Mwenye baraza, naweza kusema, alikuwa Maalim Athman wa chuo cha Kurani cha jirani, mzee mwenye ndevu nyeupe na ulimi wa pilipili. Siku ya kwanza alinionya kwamba atasikiliza kila kitu isipokuwa habari za nyani. Nikamwambia sanduku langu lina mawe tu, nyani hamna. Akakaa.

"Sasa hao watu wako wa pangoni, walikuwa wakisali wapi?"

"Maalim, mimi sikuwakuta."

"Basi wajuaje kuwa walikula konokono?"

"Waliacha makombo."

"Na mimi nikifa utakuja kuchunguza makombo yangu?"

"Nitakuja, Maalim."

"Utakuta miba ya samaki changu, na karatasi za dawa ya sukari."

Walicheka hadi Bwana Hasanali akashuka kuona kuna nini. Hivyo ndivyo watu wanavyofunguka. Wenzangu, msianze na tarehe. Anzeni na makombo. Nilikuwa nikiwapa ule ushanga ushikwe mkono kwa mkono, juu ya kitambaa, na nikiwaambia, "Hivi ni vyetu sote." Nililisema neno hilo kila Alhamisi kwa zaidi ya mwaka mmoja, na nililiamini.

Katika wote waliokuja, aliyenipendeza zaidi alikuwa fundi wa saa mwenye kibanda Makadara, jina lake Faraji. Alikuwa rika langu, mpole, mwenye mikono safi. Hakukosa Alhamisi. Siku moja alikuja na ile lenzi yake ya kubana kwenye jicho, akaukagua ushanga kwa muda mrefu, kisha akasema tu, "Aliyetoboa hapa alikuwa fundi." Nilimpenda kwa sentensi hiyo. Nilikwenda nyumbani Buxton nikiirudia njiani, nikaona kwamba hata nisipofanya jambo jingine duniani, nimempeleka fundi mmoja kwa fundi mwenzake aliyemtangulia miaka isiyohesabika.

Yeye ndiye aliyeniuliza mwaka ule wa pili: nyinyi mkisha kufukia, mwajuaje mlipokomea? Chumba kilikuwa kimejaa. Nikawasimulia habari ya shilingi. Nilidhani watacheka. Hawakucheka, walinyamaza kimya kabisa, wengine wakatazamana. Nikaona wameguswa. Nikaongeza hata utamu, nikasema iko pale chini mpaka leo, pembeni upande wa kulia, pamoja na nusu nzima ambayo haijaguswa na mkono wa mtu.

Mtu wa pwani angeweza kuniambia wakati ule ule nilichokuwa nimekifanya. Mimi mwenyewe ni wa Voi, nilikua nikizisikia hadithi za mali iliyofukiwa. Hapa kwetu hakuna anayeamini kwamba mtu huchimba kutafuta magamba ya konokono. Wareno walifukia, Wajerumani walifukia, kila mwenye kuondoka kwa haraka alifukia, na alama huachwa ili mwenye mali arudi. Watu wazima, wenye elimu yao, wamebomoa sakafu za nyumba zao kwa ajili ya ndoto ya jirani. Na mimi nimesimama mbele yao, mtu wa serikalini kwa macho yao, nikawaambia kwamba tumeweka pesa chini ya shimo kama alama, na karibu yake pana mahali tumekataza pasiguswe.

Lingeweza kuishia hapo, kwa kuwa Daktari alikuwa amekataza mahali pale pasitajwe. Kwenye ramani yetu paliwekwa duara kubwa tu, ambalo ndani yake zingeingia kata tatu. Duara hilo lilinikera tangu siku ya kwanza. Niliona ni dharau kumwambia mtu kwamba kitu ni chake, kisha umfiche kilipo. Basi Faraji aliponiuliza, watu walipokwisha kutoka, kama mtu anaweza kwenda akarudi kabla ya magharibi, nilichukua kadi ya maelezo, nikamchorea nyuma yake. Nikamwonyesha pa kushuka garini, njia ya kando ya tanuu la kuchomea chokaa, na kilima chenyewe. Nikamwambia akifika amwone Mama Kache, na avue viatu. Alinishukuru sana. Aliikunja ile kadi mara moja tu, kwa uangalifu, akaitia mfuko wa shati.

Hazikupita wiki sita. Mama Kache alituma mtu ofisini. Tulikwenda watu watatu, Daktari, Mzee Kalume na mimi.

Walikuwa wamekuja watu kadhaa, kwa siku mbili ambazo mama mwenyewe alikuwa matangani kijiji cha pili. Walifukua upande wetu hadi kwenye shilingi. Kisha wakahamia ile nusu nyingine wakashuka nayo kwa sululu mpaka wakagonga mwamba. Yale matabaka tuliyokuwa tukiyakwangua kwa unene wa kidole yalikuwa yamelundikwa nje kama kifusi cha msingi wa nyumba, magamba ya juu na ya chini pamoja, mifupa imevunjika, nyayo za viatu kila mahali. Mzee Kalume aliinama mbele ya lundo, akachota kiganja kimoja, akakimimina chini. Hakuchekecha. Kitu kilichotoka mahali pake hata ukikipata hakikuambii tena lolote. Mimi niliona shilingi yetu juu ya kifusi. Walikuwa wameitupa. Niliiokota nikaitia mfukoni kabla hajaiona mtu.

Tulisimama mlangoni pa pango, Mama Kache kati yetu. Daktari hakupaza sauti. Aliuliza ni nani aliyetaja mahali hapa nje ya ofisi. Nilifungua mdomo. Nawaapia niliufungua. Nikaona Alhamisi zangu, nikaona meza tatu na Maalim kwenye kiti chake, na sauti haikutoka.

"Ni mimi," Mzee Kalume akasema. "Nilikuwa nimekunywa mnazi, nikasema mbele za watu."

Daktari akafumba macho. Mama Kache alimtazama Mzee Kalume, uso hauna hasira.

"Kalume, basi humu usiingie tena."

"Haya, mama," akajibu, na akaenda kuvaa viatu vyake.

Jioni ofisini nilimwuliza kwa nini. Alikuwa akipanga brashi kwenye kopo kwa ukubwa, kama kila siku.

"Mimi nimebakisha miezi," akasema. "Wewe ndiye mwenye mdomo. Ukifukuzwa wewe, nani atawaambia watu?" Nilipotaka kujibu akainua mkono. "Lakini chai yangu leo usinywe. Kanunue yako."

Siku mbili baadaye nilikwenda kwa Faraji. Alikuwa na saa ya ukutani imefunguliwa mezani. Hakukana, wala hakuona haya, na hilo ndilo lililonimaliza nguvu. Alikuwa na kinyongo na mimi.

"Ulitwambia shilingi iko chini," akasema. "Nani afukia pesa pasipo na kitu? Watu wameuza baiskeli kununua sululu. Mmehamisha, nyinyi. Mlijua twaja."

Nikamwambia hapakuwa na kitu cha kuhamisha. Kilichokuwapo ndicho walichokitupa nje.

"Wewe mwenyewe kila siku wasema ni vyetu sote," akajibu, akabana lenzi kwenye jicho, akainamia saa yake.



Alhamisi zilifungwa hata hivyo. Daktari alisema hawezi tena kuweka kitu mbele ya watu. Meza zilirudishwa, Bwana Hasanali akaweka magunia. Maalim Athman alinisimamisha kichochoroni mara mbili tatu kuniuliza lini tunafungua. Nikamwambia bado. Mara ya mwisho akasema, "Basi makombo yangu utayakosa," na mwaka uliofuata akafa. Kazi niliyookolewa ili niifanye ikawa kukaa chumba cha ndani nikipaka rangi ya kucha kwenye mawe ambayo hakuna atakayeyaona. Daktari alisema lile shimo lisifukiwe mpaka atakaporudi kulipima. Akapata kazi mbali, hakurudi. Mvua zikaingia.

Mzee Kalume alistaafu kabla ya mwaka kuisha. Kijiji chake hakiko mbali na lile pango, na ukoo wao huenda pale wakiwa na shida ya mvua au ugonjwa. Niliambiwa kwamba wenzake walipoingia yeye alibaki nje, chini ya njia, ameshika viatu vyao. Nilimtembelea mara moja. Tulizungumza habari za mihogo. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwamba nitakwenda kwa Mama Kache niseme, lakini alinipa chai, kikombe kimejaa, nikakinywa chote, nikaaga. Alifariki katika mwaka wa pili wa kustaafu kwake. Mazikoni nilimwona Mama Kache upande wa wanawake. Nilipita mbali.

Barua ya kufunga ofisi ilikuja mwishoni mwa muongo. Wengine walihamishwa, mimi nikastaafishwa. Nilirudisha ufunguo wa chumba cha Buxton, nikafunga begi langu moja, na kabla ya kupanda gari nilipita Makadara kwa mama anayeuza mahamri nikamwomba anibadilishie noti kwa sarafu. Nilizipindua moja moja mbele yake. Aliniuliza kama nimepoteza kitu. Nilikuwa natafuta shilingi ya mwaka ule kina Faraji walipolichimba pango, nikaipata.

Sikuweza kuirudisha ile ya zamani, na nyinyi mnajua sababu. Ingewekwa chini kule kwenye mwamba, ingewaambia watakaokuja kwamba ni sisi tuliochimba vile, katika mwaka wetu. Ingedanganya.

Nilishuka njiani, nikafuata njia ya tanuu la chokaa. Mama Kache alikuwa uani akipepeta mahindi. Tuliamkiana, akaniuliza ya safari, akanipa kigoda. Nikamwambia bila kuzunguka: Kalume hakusema kwa mtu. Niliyesema ni mimi, na nilimchorea mtu ramani.

Hakuacha kupepeta.

"Najua," akasema. "Nilijua siku ile ile. Kalume alikuwa hanywi. Tangu ujana wake hajaonja mnazi, kijiji kizima chajua."

"Kama ulijua, mama, mbona ulimkataza?"

"Alinidanganya mlangoni. Ningefanyaje? Mlango si wangu, mimi naushika tu." Akauweka ungo chini. "Nilikungoja wewe useme. Siku ile, na kesho yake, na mazikoni. Ungesema kweli, uongo aliokubebea ungefutika, ningemwambia aseme upya, aingie."

Sikujua kwamba hilo liliwezekana. Hakuna aliyeniambia, na sikuuliza. Miaka yote ile ya kuwauliza watu habari za kale, sikumwuliza mama mwenye mlango swali hilo moja.

Tulikwenda pamoja. Alinipa kaniki na jembe, yeye akachukua kikapu. Mlangoni nilivua viatu, nikasimama. Nikasema jina langu kamili. Nikasema: mimi ndiye niliyewaleta waliochimba, na Mzee Kalume alilibeba langu, nami nikanyamaza, na nimekuja kufukia.

"Ingia," akasema.

Shimo lilikuwa limebomoka kingo kwa mvua, lakini sakafu ya mwamba ilionekana. Niliisafisha kwa mwiko wa Mzee Kalume, ule uliolika, niliokuwa nimeuomba ofisini badala ya cheti. Nikatandika nailoni, nikaiweka ile shilingi ya Makadara pembeni upande wa kulia. Kisha tukaanza kurudisha udongo, mimi kwa jembe na yeye kwa kikapu, tangu adhuhuri hadi jua likakaribia kuchwa.

Kwa hiyo, wenzangu, ikiwa siku moja mtafika kwenye pango fulani na ruhusa mkononi, mkavua viatu, mkakwangua nusu ile iliyodhaniwa kuwa haijaguswa, mkakuta nailoni na shilingi juu ya mwamba, msichore tabaka lolote juu yake. Msijisumbue kuchekecha. Mtakachokiona hapo ni fujo yangu. Na mkirudi kuwaambia watu mliyoyaona, waambieni, lakini muwasikilize kwanza wananyamaza kwa sababu gani.

Mama Kache alinisindikiza hadi kwenye tanuu. Nilisimama kando ya barabara kuu kungoja basi la bara, begi miguuni, shilingi ya zamani mfukoni ambako iko hadi leo. Nilitazama mikono yangu. Udongo wa pango ulikuwa umejaa chini ya kila ukucha, mweusi, na sikuwa na maji. Mzee Kalume angenishika mkono akautazama, na mara hii asingeuliza.